Kuchacha Sio Kulewesha: Historia ya Vinywaji Vilivyochacha Katika Nyumba za Waislamu



Ndugu wasomaji, ukipita majumbani kwetu wakati wa futari, mara nyingi utaiona chupa ya soda katikati ya mkeka. Zamani mahali pale palikuwa pa uji wa wimbi uliolazwa, pa maziwa lala au pa maji ya tende. Vinywaji hivyo vimeondoka kwa sababu nyingi, na moja yake ni khofu. Mtoto akiletewa uji wenye uchachu na povu kidogo juu yake, huuliza: "Mama, hii si pombe?" Wazazi wengi hawana jibu la uhakika. Wapo wanaosema kila kilichochacha ni haramu, na wapo wanaosema maadamu ni cha kienyeji hakina neno. Kauli zote mbili zina kasoro.

Swali la mtoto huyo si jipya. Waislamu wameliuliza tangu Madina, na wameliuliza tena Yemen, Kufa, Makkah na Istanbul. Tukifuata historia yake tutaona kuwa wenzetu waliotangulia hawakukikimbia kila kinywaji chenye uchachu, wala hawakukinywa bila hisabu. Waliviwekea vinywaji hivyo kipimo cha siku na cha chombo, na kipimo hicho tunaweza kukitumia jikoni leo.

MADINA: TENDE ILE ILE

Madina ilikuwa nchi ya mitende. Pombe iliyokuwa ikinywewa huko kabla ya kuharamishwa, kwa sehemu kubwa, haikuwa ya zabibu bali ya tende. Anas bin Malik (Radhi za Allah ziwe juu yake) amesimulia kuwa siku lilipotangazwa katazo, yeye ndiye aliyekuwa akiwamiminia watu nyumbani kwa Abu Talha. Kilichokuwamo ni fadhikh, yaani kinywaji cha tende mbichi na mbivu zilizopondwa na kuachwa zichache. Mpiga mbiu aliposikika nje, Abu Talha alimwamuru akimwage, naye akakimwaga, na siku ile njia za Madina zilitiririka pombe.

Sasa angalia jambo hili. Katika mji ule ule, na kwa tende zile zile, nyumba ya Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) iliendelea kuwa na kinywaji cha tende. Kiliitwa nabidh: tende au zabibu kavu hulowekwa katika maji mpaka maji yawe matamu. Bibi Aisha (Radhi za Allah ziwe juu yake) amepokewa katika Sahih Muslim akieleza kuwa walikuwa wakimlowekea Mtume katika kiriba cha ngozi kilichofungwa mdomo. Kilicholowekwa asubuhi alikinywa jioni, na kilicholowekwa jioni alikinywa asubuhi. Katika kitabu hicho hicho Ibn Abbas (Radhi za Allah ziwe juu yake) anataja muda mrefu zaidi: alikinywa siku ile, siku ya pili, na ya tatu mpaka jioni. Kilichobaki baada ya hapo hupewa mtumishi au humwagwa. Imam an-Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, ameeleza kuwa hupewa mtumishi ikiwa hakijabadilika, na humwagwa ikiwa dalili ya ulevi imeonekana.

Kwa hiyo tende moja ilikuwa na njia mbili, na kilichozitenganisha kilikuwa ni muda. Hali ya joto ya Hijazi haina tofauti kubwa na ya Mombasa au Wajir, na hakukuwa na friji. Siku tatu zilikuwa ndio mwisho, na mara nyingi kinywaji hakikufika hata huko.

CHOMBO NACHO KINA NENO

Ujumbe wa kabila la Abd al-Qays, uliotoka mashariki ya Bara Arabu, ulipofika kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam), miongoni mwa mambo waliyokatazwa ni kuloweka nabidh katika vyombo vya namna nne: kibuyu, mtungi uliopakwa rangi ya kung'aa, shina la mtende lililochongwa ndani, na chombo kilichopakwa lami. Wanazuoni wameeleza hekima yake. Katika vyombo hivyo uchachu hukimbia, na mtu huenda akanywa kileo bila kujua. Kiriba cha ngozi huvimba na hata kupasuka kinywaji kinapogeuka, kwa hiyo kinatoa onyo.

Baadaye, watu walipokwisha kuzoea na kuijua sheria, ruhusa ilitolewa ya kutumia vyombo vyote kwa sharti moja tu, kwamba wasinywe kinacholewesha. Katazo jingine lilihusu kuchanganya tende na zabibu katika loweko moja, kwa kuwa mchanganyiko huo, kama walivyoeleza wanazuoni wengi, huharakisha kugeuka.

Abu Musa al-Ash'ari (Radhi za Allah ziwe juu yake) naye alipopelekwa Yemen aliuliza kuhusu vinywaji viwili vya huko: bit', kilichotengenezwa kwa asali, na mizr, cha shayiri au mtama. Hakujibiwa kwa jina la kinywaji wala kwa aina ya nafaka. Alijibiwa kwa kanuni, kwamba kila kinacholewesha ni haramu. Jibu hilo linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu vinywaji vyetu vingi ni vya nafaka na majina yake hayamo katika vitabu vya Kiarabu.

MJADALA WA KUFA

Katika karne za mwanzo kulitokea khitilafu kubwa. Baadhi ya wanazuoni wa Kufa, nchini Iraq, waliona kuwa kinywaji kisichotokana na zabibu wala tende hakiharamiki kwa uchache wake maadamu mtu hajalewa. Wanazuoni wa Hijazi, pamoja na Imam Malik, Imam Shafi'i na Imam Ahmad, walishika kuwa kile ambacho kingi chake kinalewesha, hata kichache chake ni haramu, kiwe cha tende au cha mtama. Mjadala ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vitabu vizima viliandikwa juu ya vinywaji. Imam Ahmad bin Hanbal aliandika kimoja, na Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliandika kingine. Ndani ya madhehebu ya Hanafi kwenyewe, Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani alikwenda na rai ya wengi, na waliomfuata baadaye wakaitolea fatwa rai hiyo. Pwani yetu imeshika madhehebu ya Shafi'i, kwa hiyo kwetu mlango huo ulifungwa mapema.

Lakini tazama walichokubaliana wote: maji ya tende yaliyolazwa usiku mmoja yakawa matamu ni halali. Hakuna aliyeyaharamisha kwa ajili ya kulazwa tu.

IBN BATTUTA NA MABAKULI MAWILI

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Alipokaribishwa na Sultani aliandikiwa chakula ambacho hata leo mtu wa pwani angekifurahia: wali wenye samli na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na bakuli la maziwa ya mgando lililowekwa achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Maziwa yaliyochacha yalikuwa katika sahani ya mfalme wa Kiislamu, karibu miaka 700 iliyopita, na msafiri yule, ambaye alikuwa faqihi wa Kimaliki, hakuona la kuuliza.

Miaka michache baadaye akiwa katika nchi za Waturuki, kaskazini ya Bahari Nyeusi, aliletewa kinywaji cheupe. Alipouliza ni nini aliambiwa ni maji ya nafaka fulani. Alionja, akakuta ladha kali, akakiacha. Alipotoka ndipo akaelezwa kuwa ni nabidh ya nafaka, iitwayo buza, na kwamba wenyeji ni Mahanafi walioiona kuwa inajuzu. Hakugombana nao wala hakuendelea kunywa. Yote mawili, maziwa ya Mogadishu na buza ya Waturuki, yalikuwa yamechacha, lakini la kwanza alilila na la pili aliliweka chini.

BOZA YA ISTANBUL

Kinywaji hicho cha Waturuki, ambacho leo huandikwa boza, kilienea katika dola yote ya Uthmaniya. Hutengenezwa kwa mtama mdogo au nafaka nyingine iliyopikwa, ikachujwa, ikatiwa sukari na chachu kidogo ya boza iliyotangulia. Ni kizito kama uji. Askari walikipenda kwa sababu kilishibisha na kutia joto wakati wa baridi.

Hapo napo lilizuka swali lile lile. Evliya Çelebi, mwandishi wa safari wa karne ya 17, ameyaeleza maduka ya boza ya Istanbul na kutofautisha boza tamu, iliyonywewa hata na wanazuoni, na boza kali iliyoachwa mpaka ikalewesha. Masultani wa karne ya 16 na ya 17 walitoa amri za kuyafunga maduka ya hiyo kali. Iliyobaki ni ile tamu. Katika mtaa wa Vefa, Istanbul, lipo duka lililofunguliwa mwaka 1876 ambalo mpaka leo linauza boza kwa gilasi, ikinyunyiziwa mdalasini na kuliwa na dengu za kukaanga. Familia huingia na watoto wao.

NA KAHAWA JE?

Huenda msomaji akashangaa kuwa hata kahawa ilipita katika mtihani huu, ingawa haichachi. Neno lenyewe la Kiarabu, qahwa, lilikuwa zamani moja ya majina ya mvinyo. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen walikuwa wakinywa kahawa ili wasilale katika dhikri za usiku. Ilipofika Makkah, mwaka 1511 afisa wa dola ya Mamluki aitwaye Khair Beg aliwakusanya wanazuoni na matabibu, kisha akaipiga marufuku na kuichoma. Habari ilipofika Cairo amri haikuungwa mkono kama alivyotaka: mikusanyiko yenye maovu ilikatazwa, lakini kinywaji chenyewe hakikuharamishwa. Watu waliokinywa waliulizwa je, kinaondoa akili? Walionekana kinawakesha, hakiwalewi. Basi kikaruhusiwa, na leo hakuna baraza ya Lamu wala Mombasa isiyo na kahawa chungu.

KINACHOTOKEA NDANI YA CHOMBO

Wenzetu wa zamani walijua kwa macho, pua na ulimi. Elimu ya leo imetueleza sababu. Mwaka 1857 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kuwa uchachu wa maziwa unaletwa na viumbe hai vidogo sana, na baadaye akabainisha kuwa hivyo si vile vinavyoleta kileo. Kwa ufupi, zipo njia kuu mbili:

1. Bakteria wa uchachu hula sukari ya maziwa au ya nafaka na kutoa asidi. Hii ndiyo inayogandisha maziwa na kuutia uji ukali wa limau. Asidi hiyo huwazuia vijidudu vingi vya magonjwa visistawi.

2. Hamira hula sukari na kutoa hewa pamoja na kileo. Hii ndiyo kazi inayotokea katika pombe.

Katika chombo cha nyumbani njia hizi hazitengani kabisa. Katika maziwa bakteria hutangulia kwa nguvu, na hamira hupata nafasi ndogo. Katika maji matamu ya matunda au ya mnazi hamira hutangulia. Ndiyo maana watu wa pwani wanajua kuwa tembo, hata likiwa tamu linapogemwa asubuhi, saa chache tu huligeuza kuwa kali. Nafaka ziko katikati: siku ya kwanza huwa na utamu, ya pili uchachu, na zikiachwa zaidi hamira hupanda. Siku tatu za Hijazi sasa zinaeleweka vizuri zaidi.

Mwaka 1905 mwanafunzi wa Bulgaria, Stamen Grigorov, akisoma Geneva, aliwatambua bakteria wa mtindi wa kwao. Baada yake Ilya Metchnikoff, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliwahimiza watu wa Ulaya wanywe maziwa yaliyochacha kwa ajili ya afya ya tumbo. Wafugaji wa kwetu walikuwa wakiyanywa muda mrefu kabla ya hapo.

VYA KWETU NA VYA JIRANI ZETU

Tusitafute mbali. Tazameni hazina iliyotuzunguka:

Maziwa lala: yanajulikana Kenya nzima, na Tanzania huitwa maziwa mgando. Yanawafaa hata baadhi ya watu ambao maziwa mabichi huwaumiza tumbo, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na bakteria.

Mursik: maziwa ya Wakalenjin yanayohifadhiwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu. Wanariadha wa Kenya hulakiwa nayo wanaporudi na ushindi.

Suusac: maziwa ya ngamia ya Wasomali, Somalia na kaskazini mwa Kenya, yaliyolazwa siku moja au mbili katika chombo kilichofukizwa moshi.

Togwa: ya Tanzania, hasa mikoa ya kusini kama Ruvuma na Iringa. Uji wa mahindi huachwa upoe hadi uvuguvugu, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi au mtama. Kimea huugeuza wanga kuwa sukari, uji ukawa mwepesi na mtamu, na ukilazwa hupata uchachu. Watafiti nchini Tanzania waliwachunguza watoto wadogo waliolishwa uji wa namna hii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa vijidudu vya kuhara vilipungua kwao.

Obushera: ya magharibi mwa Uganda, ya mtama au ulezi ulioota. Watoto hupewa ile changa. Ikiachwa siku nyingi hugeuka kileo, na wenyeji wanaijua tofauti hiyo vizuri.

Hulu-mur: ya Sudan, maana yake "tamu-chungu". Unga wa mtama ulioota huchanganywa na viungo, huachwa uchache, kisha huchomwa juu ya bamba la moto kuwa vipande vyembamba vikavu. Mwezi wa Ramadhani vipande hivyo hulowekwa katika maji, na maji yake mekundu hunywewa wakati wa futari. Huu ni ufundi wa ajabu, kwani uchachu husimamishwa kwa moto, na mtu hunywa ladha yake bila kungoja kinywaji kizeeke.

Lakini wapo pia ndugu zake hawa ambao si halali. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutokana na unga wa mahindi na kimea cha wimbi, vitu vile vile vya uji. Aliyejua nafaka tu hajajua hukumu.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kwa yale tuliyoyaona, tunawausia wazazi na wanafunzi wanaoishi mabwenini mambo haya:

Kwanza, hesabu siku. Andika juu ya chombo saa uliyoloweka. Maji ya tende yanywe ndani ya siku moja, na yakiwa nje ya friji katika joto la kwetu usiyalaze zaidi ya usiku mmoja. Uji wa kuchachusha hutosha usiku mmoja hadi siku mbili.

Pili, chombo kiwe safi, kikaushwe, na kifunikwe bila kukazwa. Ukiona povu linapanda kwa nguvu, chupa inavimba au harufu ya pombe inatoka, usijiulize mara mbili, mwaga. Haikuwa aibu kumwaga Madina, na haitakuwa aibu kwako.

Tatu, maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kijiko cha maziwa lala ya jana. Maziwa mabichi yanaweza kubeba maradhi ya mifugo, na uchachu peke yake hauyaondoi yote.

Nne, soma karatasi ya chupa za madukani. Kinywaji cha chai iliyochachushwa kiitwacho kombucha kinauzwa sasa katika miji mingi, na kwa kuwa hamira imo, hupata kileo kidogo, nacho huongezeka kikitengenezwa nyumbani na kuachwa. Masuala ya asilimia ndogo yana maelezo yake ya kifiqhi. Muulizeni sheikh wenu, msifuate uvumi.

Tano, wafundisheni watoto tofauti hii kwa vitendo. Mtoto aliyeonja uji wa siku ya kwanza, akaonyeshwa na kunusishwa ule wa siku ya nne kabla haujamwagwa, ataelewa kwa nini kinywaji kimoja kinakuwa halali na kisha kikawa haramu. Somo hilo litamfaa atakapokuwa mbali na nyumbani na kuletewa gilasi asiyoijua.

Waswahili wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Soda ina vijiko vingi vya sukari na haina chachu yoyote ya kulifaa tumbo. Tumeiweka mahali pa vinywaji vilivyowalea babu zetu, wakati mwingine kwa kudhani tunajihifadhi na haramu. Uislamu haukututaka tuogope chombo kilichofunikwa jikoni. Umetutaka tujue kilichomo na tangu lini kimo.

Tunamuomba Allah Subhaanahu Wata'ala aturuzuku kilicho halali na kizuri, na azihifadhi akili zetu na za watoto wetu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.